Makambi Ambayo Hakuyalala

Vijana wakiniuliza kutoka huku kwetu hadi Dar es Salaam ni mbali kiasi gani, hunitajia kilomita wenyewe kabla sijafungua kinywa, sijui basi waliniuliza ya nini. Mimi nilikulia katika nyumba ambayo umbali ulikuwa na swali moja tu: umelala mara ngapi? Kahama ilikuwa ya kulala mara moja ukiwa kijana, mara mbili ukiwa na mtoto mgongoni. Pwani ilikuwa ya kulala kiangazi kizima. Hakuna aliyebishana na hesabu hiyo mpaka ndege ilipoanza kutua kwetu.

Nasema kwetu, lakini palikuwa mgodini. Ulikuwa mgodi mdogo wa dhahabu, upande wa Geita ukitokea Segese, ambao leo umebaki mashimo na vichaka. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu. Shimo lile lilikuwa na maji mengi chini, na pampu ikinyamaza hata kwa nusu siku, watu walitolewa haraka kabla hawajazama. Kwa hiyo fundi wa pampu alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na yeye mwenyewe alijua hivyo. Alivaa viatu vya buti hata siku ya kupumzika. Alikuwa na utani mwingi, na mimi nilimpenda kwa utani huo kabla sijampenda kwa jambo lingine lolote.

Tuliishi na mama yake. Nilimwita Mayu, kama anavyoitwa mama kwa Kisukuma, na hilo ndilo neno pekee tulilokubaliana bila ugomvi. Mengine tulipambana. Mimi nilikuwa msichana wa misheni, nimebatizwa, nasoma na kuandika. Yeye alikuwa binti wa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo zaidi ya mara moja, na aliendesha nyumba kwa desturi za wapagazi kama vile msafara ungeondoka kesho.

Desturi iliyoniudhi kuliko zote ilikuwa ya kutaja makambi. Mtu akirudi kutoka safari ya mbali hakuruhusiwa kuingia moja kwa moja. Alikalishwa kwenye kigoda nje ya ua wa minyaa, akataja kila mahali alipolala njiani, akianzia mbali akija karibu. Kila alipotaja kambi, Mayu alijibu, "Kalala." Akimaliza, alipewa maji ya kunywa, ndipo akapita mlangoni. Akiruka kambi moja alianza upya. Niliwahi kumwona mjomba mmoja, amechoka hoi, anatajishwa mara tatu kwa sababu alisahau kambi moja iliyokuwa na mbu wengi.

"Mtu hafiki kwa mkupuo," Mayu aliniambia nilipocheka. "Mguu unatangulia, yeye mwenyewe anafuata nyuma. Anapolala ndipo mwenyewe anapoufikia mguu."

Niliona ni maigizo ya wazee. Nilikuwa nachemsha maji na kusema ndiyo, Mayu.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mgodi uliagiza pampu mpya, na mume wangu akapelekwa pwani kujifunza kuitengeneza. Alikwenda kwa lori hadi Shinyanga, kisha kwa treni. Binti yetu wa kwanza alikuwa ameanza kukaa. Wakati wa kurudi, bwana mkubwa wa mgodi alikuwa na haraka, akamchukua ndani ya ndege yake ndogo. Tulisikia habari hiyo asubuhi, na jua lilipoanza kushuka tulikuwa kiwanjani wote, wanawake kwa watoto, tukitazama juu mpaka shingo zikauma.

Ndege ilitua ikirukaruka juu ya mavumbi. Mume wangu alishuka mtu wa mwisho, midomo imempauka, anacheka.

"Mke wangu," akasema, "asubuhi hii nimekunywa chai Dar es Salaam. Kikombe hata hakijaoshwa."

Watu walipiga vigelegele. Mimi nilitaka kufurahi, nikafurahi, lakini nilipomshika mkono niliona ni wa baridi kama wa mtu aliyetoka kuchota maji mtoni alfajiri. Nikasema ni baridi ya huko juu. Nilimpa mtoto, akalia mpaka akakosa pumzi. Nikasema ni ugeni, atamzoea.

Nyumbani, Mayu alikuwa amekwisha kuweka kigoda nje ya ua.

"Kaa," akamwambia. "Taja."

"Mayu, leo hakuna cha kutaja. Nimekuja kwa ndege."

"Ulilala wapi?"

"Sikulala."

Mayu alisimama na kata ya maji mkononi, hajui aimwage au ampe. Mume wangu alinitazama, akanikonyeza, akakaa. Kisha akaanza kutaja, kwa sauti nzito ya utani, mahali pote alipopaona dirishani alipokwenda kwa lori na treni.

"Morogoro."

Mayu aliishusha kata. "Kalala," akajibu.

"Kilosa."

"Kalala."

"Dodoma. Manyoni. Itigi."

Alizitaja zote, moja moja, na mama yake akamjibu zote. Tabora. Shinyanga. Kahama. Segese. Alipofika mwisho alikunywa maji yote, akafuta mdomo, akaingia ndani. Alipokwisha kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa, akaona afadhali autoe ule utani hadharani ili tucheke pamoja.

"Nilizitaja tu kukufurahisha, Mayu. Nilizipita juu kwa juu. Sikukanyaga hata moja."

Mimi nilicheka. Mayu aliweka bakuli chini taratibu.

"Umezitaja," akasema. "Nimeitikia. Sasa nani atazilala?"

Mume wangu akaomba maziwa zaidi.

Siku za kwanza hazikuwa na kitu. Alikwenda kazini, akarudi, akasimulia jinsi ziwa linavyoonekana ukiwa juu, na jinsi nyumba zetu zinavyokuwa ndogo. Alisimulia mno. Mtu aliyeshuka kwenye ndege hii, nikaona, anatamani kupanda tena kuliko anavyotamani chakula. Wivu ulinipata, nakiri, ingawa ni upuuzi kuionea wivu ndege.

Kisha mchana mmoja, tukiwa tunakula, aliinua uso akakunja macho.

"Mto huu una mamba," akasema. "Tuvukie juu."

"Mto gani?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Umesema mto una mamba."

"Mimi? Sijasema kitu." Akaendelea kumega ugali.

Mara nyingine alisema maji ya hapa yana chumvi, na maji yalikuwa ya kisima chetu kile kile. Mara alisimama uani, jua la utosi, akaguna, "Ugogo hakuna kivuli jamani," kisha akaniuliza mbona namkodolea macho. Hakuwa akiota. Alikuwa amesimama, macho wazi, na mswaki mdomoni.

Mayu alikuwa kwenye kinu. Hakuacha kutwanga. "Amefika Ugogo," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imeanza.

Nilimkasirikia kweli. Nilimwambia anamroga mwanawe kwa maneno. Nilimpeleka mume wangu zahanati ya mgodi, mganga akampima, akasema ni homa ndogo, akampa vidonge vichungu. Alimeza vyote. Alizidi kukonda. Mtoto alizidi kumkataa. Akimshika tu, mtoto aligeuza uso, akatazama njia ya kwenda Segese, akalia akiwa anatazama huko.

Lakini kilichoniondolea ubishi kilikuwa miguu yake. Mume wangu alivaa buti, na safari yake ya siku ilikuwa kutoka nyumbani hadi nyumba ya pampu, ambako unaweza kutupa jiwe likafika. Jioni moja, jua bado liko juu, alivua buti na nyayo zilikuwa zimepasuka kisigino hadi kidole. Vifundo vya miguu vimekaukiwa na vumbi. Nilichukua karai nikamwosha. Udongo wa mgodini kwetu ni mwekundu, kila nguo yetu ilikuwa na rangi hiyo. Nilipomwaga maji, chini kabisa ndani ya karai palibaki mchanga mweupe.

Nilikaa nikautazama. Niliusugua kwa kidole. Ulikuwa mchanga kweli, unakwaruza.

"Umepita wapi?" nikamuuliza.

"Nimepita wapi wapi? Kazini." Alikuwa amechoka, alitaka kulala. "Nimechoka kama nimetembea."

Sikumwambia Mayu, lakini aliona karai. Kuanzia hapo nilimwosha miguu kila siku, na kila siku niliangalia. Mchanga mweupe ulikaa muda mrefu. Kisha ukaja wa kijivu. Kisha siku moja maji yakawa meusi, ule udongo mzito wa mbuga unaonata, na Mayu akauchukua kidogo akaunusa.

"Huu ni wa huku," akasema. "Yule anayemfuata nyuma kashavuka Tabora. Amebaki karibu." Alitabasamu, na ndipo nilipojua kwamba kumbe muda wote huo alikuwa na hofu kuliko mimi.

Nilimuuliza, kwa mara ya kwanza bila kejeli, akifika itakuwaje.

"Atakaa kwenye kigoda. Atapewa maji. Ataingia mahali pake, na mume wako atapona."

"Na asipomkuta?"

"Atamkuta. Mwambie tu asiondoke."

Mimi binti wa misheni, niliyejua amri zote kwa moyo, nilianza kuhesabu makambi yaliyobaki. Nilitaka mume wangu arudi. Alikuwa anakula mbele yangu, analala ubavuni mwangu, na nilimkosa kiasi cha kulia nikiwa nachambua mboga.

Basi ndipo pampu mpya ilipovunjika.

Kilikuwa chombo kidogo cha chuma, nilikiona, kinaenea kiganjani. Bila hicho maji yalianza kupanda shimoni. Bwana mkubwa alisema chombo kipo Dar es Salaam, kwa treni kitafika watu wamekwisha kupoteza kazi na shimo limekwisha kuwa bwawa. Ndege itakuja kesho, fundi atapanda, atakichagua mwenyewe kwa sababu ndiye anayekijua, atarudi nacho. Mume wangu alinipa habari hizo uso umemng'aa, mara ya kwanza tangu kiangazi kianze.

"Usiende," nikamwambia.

"Maji yanapanda."

"Ngoja kidogo. Wiki moja."

"Wiki moja shimo limejaa. Watu mia wana wake na watoto, mke wangu, si wewe peke yako." Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. "Unangojea nini?"

Nilishindwa kulisema mbele yake. Mayu akalisema, kutoka mlangoni.

"Yuko njiani. Ukiruka kesho mtapishana. Atafika nyumba tupu, na wewe utakuwa kule tena, na huyo hatakuwa na pa kulala tena."

Mume wangu alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, akaona usoni mwangu kwamba nimekwisha kuamini. Nilidhani atacheka. Badala yake alisema polepole, kwa huruma, "Mimi niko hapa. Nimekaa nanyi hapa hapa. Mnamsubiri nani?"

Nilichukua ndoo, nikaenda kisimani.

Ndege ingeondoka kesho yake alasiri. Asubuhi alipokwenda kuifungua pampu, Mayu alinishika mkono. Alikuwa amejaza maji kwenye kibuyu.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, neno ambalo hakuwahi kunipa, "kama hawezi kumngoja, twende tukamchukue. Tukimleta kabla ya alasiri, itatosha."

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Hatukuongea. Tuliifuata njia ya Segese katikati ya miyombo iliyopukutisha majani, jua likapanda mpaka vivuli vyetu vikaingia chini ya miguu. Mbali nyuma yetu, upande wa ziwa, mawingu yalikuwa yanajikusanya. Hakuna ndege wa porini aliyelia. Nasema haya kwa sababu niliyaona: kulikuwa na kwale watatu pembeni mwa njia, na hawakuruka tulipowapita. Walikuwa wanatazama mbele yetu.

Njia ilinyooka, unaiona hadi inapopotea. Ilikuwa tupu. Nilitaka kumwambia Mayu turudi, tumejifanya wajinga vya kutosha. Wakati huo mtoto alijikaza mgongoni mwangu. Alitoa mikono yote miwili nje ya kanga, akainyoosha mbele juu ya mabega yangu, akacheka. Alicheka kile kicheko cha mtoto anayemwona mtu wake. Hakuwa amecheka hivyo tangu baba yake aende pwani.

Mayu aliweka goti chini.

"Wadila, mwanangu," akasalimia, salamu ya mchana. "Umechoka. Taja Segese peke yake, mengine nayajua."

Kisha Mayu akaitikia, "Kalala," ingawa mimi sikusikia neno, na akamimina maji ya kibuyu juu ya vumbi. Maji hayakusambaa. Yaliisha hewani kabla ya kugusa chini, na vumbi likabaki kavu.

"Twende," akaniambia. "Usigeuke."

Tuligeuza nyuso zetu kuelekea nyumbani, na nyuma yetu nikasikia miguu. Ilikuwa peku, imechoka, na kisigino cha kushoto kinaburuta kidogo. Mume wangu aliburuta kisigino hicho tangu jiwe lilipomwangukia shimoni, kabla hatujaoana. Ningeutambua mwendo ule popote. Sikuogopa. Watu hudhani niliogopa. Nilikuwa nafurahi kiasi kwamba nilitembea huku machozi yananitoka, na mtoto alikuwa amejigeuza mgongoni anapiga porojo na huyo wa nyuma. Nilimsikia akikaribia. Nilisikia hata pumzi yake, na harufu ya moshi wa kuni za njiani. Nikaanza kupanga moyoni jinsi nitakavyomsongea ugali.

Tulikuwa tumebakiza mwendo mfupi, tunaanza kuona moshi wa mgodi, tuliposikia mngurumo.

Mawingu ya ziwani ndiyo yaliyoiharakisha ndege. Rubani aliyaona, akasema wasingoje alasiri. Sisi hatukujua. Tulisimama tukaiona ndege inainuka juu ya miti, inageuka, inakuja kwetu, inatupita utosini inaelekea pwani. Ilikuwa chini kiasi kwamba niliona kioo cha dirisha kikimetameta. Labda alituona, wanawake wawili na mtoto njiani. Labda alitupungia mkono.

Miguu nyuma yetu ilisimama.

Mayu akasema, "Hapana. Hapana, mwanangu, kaa hapa, atarudi, kaa tu." Alisema akiwa anatazama mbele, hajageuka. "Atarudi huyo, ni siku chache."

Nilisikia miguu ikizunguka juu ya changarawe. Ilipiga hatua moja, ya pili, kwa kusitasita. Kisha ikaanza kukimbia, kwa visigino vile vilivyopasuka, kuifuata ndege, kurudi njia yote ile aliyoitembea kiangazi kizima.

Hapo niligeuka. Sikuona kitu isipokuwa vumbi dogo linaloondoka. Nikakimbia. Nilimwita mume wangu kwa jina lake, ambalo mke wa Kisukuma mwenye adabu halitaji mbele ya mama mkwe, nikaliita njia nzima, mtoto analia mgongoni. Sikujua namwita yupi. Mayu alinifikia, sijui kwa miguu gani mzee yule, akanikamata kanga.

"Huyo humpati," akasema, pumzi zimemwisha. "Akifika huko, mwenzake atakuwa amekwisha kurudi huku. Rudi nyumbani, mwanangu. Rudi ukampikie yule atakayekuja."

Nilirudi. Alikuja na chombo chake cha chuma, pampu ikafufuka, shimo likapona, watu wakambeba mabegani. Miguu yake ilipona pia, karai likawa na udongo mwekundu tu. Mayu hakumtajisha makambi. Alimpa maji akiwa amesimama, kama unavyompa mtu yeyote anayepita.

Alikuwa mume mwema. Sina la kumlaumu, tulizaa wengine, tulizeeka naye, nilimzika kwa mikono yangu. Kwa miaka yote hiyo nilimwandalia chakula kwanza, kipande kizuri kwanza, sikuwahi kumpandishia sauti wala kumtania, na majirani waliniita mfano wa mke. Hawakujua kwamba hivyo ndivyo mtu anavyomtendea mgeni.